Gunia la Kitambaa Chekundu

Alizeti inapokaribia kukauka, mashamba yote hufanana: mashina ya kahawia, majani yaliyosinyaa, vichwa vilivyochoka kulitazama jua. Shamba la Mama Birika peke yake lilikuwa na mapambo. Katikati yake, mbali na mipaka, mashina machache yalifungwa vitambaa vyekundu shingoni, kama watoto waliovishwa skafu wasishikwe na kifua. Mgeni angedhani ni vya kutishia ndege. Ndege wenyewe walikuwa wakitua juu yake na kufutia midomo.

Vitambaa vile vilikuwa amri. Kichwa chenye kitambaa hakiguswi, hakiuzwi, hakiendi mashineni. Ni cha mbegu.

Alivichagua mwenyewe, asubuhi, umande ukiwa haujakauka. Alipita chini ya vichwa akitafuta vile vilivyolemewa kabisa, hadi mgongo wa ua ukawa juu na uso ukaitazama ardhi. Alichomoa punje moja, akaiweka kati ya meno ya mbele, akasikiliza. Ganda likifanya ubishi, aliitema akaenda zake. Likiachia upesi, jembamba, na kiini kikateleza mdomoni kwa mafuta, mkono ulikwenda mfukoni kutoa kitambaa. Alikuwa akiongea na mashina pia, lakini hilo alilikana maisha yake yote.

Jina la Birika alipewa na majirani. Mtu asiyetoa chake husemwa ana mkono wa birika, umekunjwa na haukunjuki, na wao waliona jina limemkaa kama kofia. Halikuwa la haki kabisa. Kwa mafuta, mama huyu alikuwa karimu kupita kiasi. Ukiishiwa, chupa yako ilijazwa hadi shingoni, na ukijifanya kukataa, uliongezwa. Ni kwenye mbegu mkono ulipogeuka chuma.

"Mwenzangu, nigawie mbegu japo kiganja."

"Zimeisha."

"Na lile gunia nyuma yako?"

"Lile ni majivu."

Na kweli lilikuwa na majivu. Mbegu zake alizichanganya na majivu ya jikoni, yaliyochekechwa yakawa laini kama poda, ili wadudu wasizipende. Kisha alifunga mdomo wa gunia kwa kitambaa chekundu na kulisimamisha kwenye pembe ya stoo yenye giza. Kwa hiyo hakusema uongo. Alisema nusu ya kweli, na ile nusu nyingine aliikalia.

Hakuzaliwa hivyo. Alipoolewa, mumewe akiwa ndiyo kwanza ameanza kutengeneza baiskeli barazani, yeye alipata kazi ya kufagia banda la mashine ya kukamua mafuta, nyuma ya soko. Wakulima walileta magunia, mashine ikanguruma, skrubu ikazimeza punje. Upande mmoja yakatiririka mafuta meusi yenye povu, upande wa pili yakaanguka mashudu, makavu na ya moto, kama vipande vya vigae. Siku moja, ndani ya takataka alizozikusanya, aliona punje chache ndogo, nyeusi tii, zisizo na michirizi ya kijivu kama za wengine. Akamenya moja. Akabaki amesimama na ufagio mkononi, kama mtu aliyesikia akiitwa jina lake. Zilidondoka kutoka gunia la nani? Aliuliza, hakuna aliyejua. Akazifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kuzipanda uani, nyuma ya bafu, mahali ambapo maji hayakukosekana.

Alipovuna alipata bakuli. Kwa furaha ya mara ya kwanza akamgawia nusu wifi yake, dada wa mumewe. Baada ya mvua kushika akaenda kuuliza zimeotaje.

"Zimeota nini?" wifi akasema, akimvutia kigoda. "Tulizikaanga, tukatia chumvi. Tamu hizo, wifi. Hazikubaki?"

Mkono wa birika ulifuliwa siku hiyo.

Miaka ikapita, nyuma ya bafu pakahamia shambani. Kila mavuno alichagua, kila mavuno punje zikazidi kuwa nyeusi na ganda likazidi kuwa jembamba, hadi fundi wa mashine, bwana mrefu mkavu aliyeongea kwa kupaza sauti hata mashine ikiwa imezimwa, akawa anamwachia nafasi ya kwanza foleni ikiwa ndefu. Alisema mashine inakula vizuri siku nzima ikifungua kinywa kwa alizeti ya Mama Birika.

Siku ya kupura vichwa vya mbegu, wanawake wa jirani walikuja kusaidia. Walikaa duara juu ya turubai, wakavigonga vichwa kwa vijiti, wakanywa chai, wakawasema waume zao. Jioni, mlangoni pa uani, mwenye nyumba alisimama kama askari wa getini.

"Kung'uteni kanga, mabibi."

Walikung'uta. Jirani wa ukuta kwa ukuta, Mama Mapacha, alikuwa na watoto wake wawili, mmoja mgongoni na mmoja kifuani.

"Na hawa niwakung'ute?"

"Hasa hao."

Wakafa kicheko, lakini mapacha walikung'utwa, na wao wenyewe wakafurahi wakataka tena.

Hivyo ndivyo alivyoishi hadi nywele zikaanza kuwa na majivu yake zenyewe: mafuta kwa kila mtu, mbegu kwa mtu mmoja. Mumewe alimtania kwamba akifa atazikwa na gunia lake. Alijibu kwamba hilo gunia litakuwa na adabu kuliko wafiwa.

Kisha binti yao wa pekee, aliyeolewa mjini na fundi cherehani, akarudi nyumbani kujifungua.

Uchungu ulimshika asubuhi. Mama Birika alimpeleka hospitali kwa gari la kuazima, na muda mfupi baada ya vumbi lake kutulia, mkwe akashuka kwenye basi akiwa na begi la nguo za mtoto alizozishona mwenyewe. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, mwenye vidole visivyojua kukaa. Akimsalimia mtu, macho yake yalikuwa tayari yanatazama kifungo kilicholegea.

Alimkuta baba mkwe peke yake barazani, gurudumu mapajani.

"Wameshakwenda," mzee akasema. "Sisi wanaume leo hatuna kazi."

"Nifanye nini basi, baba?"

"Mimi siku aliyozaliwa mkeo nilifungua baiskeli nzima nikaifunga tena. Ikabaki nati moja mkononi, na mpaka leo sijui ilikuwa ya wapi. Tafuta kitu. Mikono ikikosa kazi, kichwa kitakusumbua."

Mkwe akatafuta kitu. Alifagia uwanja. Akashona foronya iliyoachia. Akabandika kiraka kwenye pazia la jikoni kwa ustadi hata ukitafuta kiraka huoni. Bado hakuna habari kutoka hospitali. Ndipo akafungua mlango wa stoo.

Kwenye pembe yenye giza aliona gunia limechakaa, limetoboka, mdomo umefungwa kwa tambara jekundu lililofifia. Alipolifungua, moyo wake wa fundi ukaumia. Alizeti nzuri, na mtu ameimwagia majivu. Labda jiko lilibomokea humu, akawaza; labda mama kazeeka, haoni vizuri tena. Akalitoa nje, akachukua ungo, akapepeta. Majivu yaliruka yakampaka nyusi weupe. Akapepeta tena, akafuta punje kwa kitambaa safi, kiganja baada ya kiganja, hadi zikang'aa kama shanga. Lile tambara alilifua kwa sabuni na kulianika. Lile gunia bovu alilitupa. Akashona jipya kwa turubai jeupe, pindo mara mbili, pembe zimekaa sawa kama mto wa harusi, akamimina mbegu ndani.

Na kwa kuwa bado hakukuwa na habari, akaingia jikoni akakuta dumu la mafuta limebaki na mashapo tu. Mke wake atarudi na mtoto na kukuta nyumba haina mafuta. Jambo likawa wazi.

"Baba, naazima baiskeli. Napeleka alizeti kukamua, mafuta yamekwisha."

Mzee aliinua macho. Aliona gunia jeupe jipya, safi, halina doa wala kitambaa. Alijua gunia ambalo halitakiwi kuguswa, na hilo halikuwa lenyewe.

"Peleka, mwanangu. Breki ya nyuma usiiamini."

Kwenye banda fundi wa mashine aliingiza mkono guniani, akapaza sauti, "Za mama?"

"Za mama mkwe."

"Hizi hata usiponiambia ningejua." Akazimwaga.

Mtoto alizaliwa jioni hiyo, wa kike, mwenye nywele nyingi na hasira. Kesho yake mchana wakarudi nyumbani, nyumba ikajaa vigelegele na watu wa kubeba mizigo isiyohitaji kubebwa. Mkwe alimshika mwanawe kama mtu aliyepewa kioo. Mama Birika aliingia jikoni kumpikia binti yake, akaweka sufuria, akamimina mafuta. Harufu ilipopanda akasimama. Akachovya ncha ya kidole, akaonja. Akachovya tena.

"Haya mafuta yametoka wapi?" akauliza kwa sauti kubwa, sura imechanua. "Sijawahi kuonja haya. Haya yanashinda hata yangu."

"Ni yako, Mama." Mkwe alikuwa mlangoni, anajitahidi asitabasamu sana. "Nilikamua jana, wakati tunasubiri."

"Ulikamua nini? Alizeti ya kukamua iliisha zamani."

"Kulikuwa na gunia stoo. Lile chafu."

"Chafu."

"La majivu. Lakini usijali, nilizisafisha kwanza, moja moja."

Sufuria ilichemka peke yake.

"Na kitambaa?" aliuliza Mama Birika polepole.

"Nilikifua. Kimetoka safi kabisa. Kipo kwenye kamba."

Akatazama dirishani. Pale kwenye kamba, kati ya vinguo vidogo vya mtoto, kitambaa chekundu kilikuwa kinapepea, kimerudi rangi yake ya ujana.

Mama mkwe hamtukani mkwe. Na mkwe aliyepata mtoto jana hatukanwi na mtu yeyote. Aling'ata ulimi, akajikaza.

"Umefanya kazi nzuri, mwanangu."

Kisha akazima jiko, akatoka nje, akaenda kukaa nyuma ya bafu.

Mumewe alimkuta hapo, ameshika tama, anaangalia ardhi pale alipopanda zile punje za kwanza akiwa bado kijana.

"Nimeambiwa," akasema, akakaa kando yake. "Kosa ni langu pia. Nililiona gunia linapita."

"Ungejuaje? Lilivaa nguo mpya."

Mzee alitamani kucheka, akaona si wakati. Juu yao mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa milima, na upepo ulikuwa umeanza kunukia udongo.

"Mvua iko karibu. Dukani mbegu zipo."

"Na waume wangeuzwa dukani, ningekwenda kununua mwingine?"

"Leo, pengine."

Mkewe alimsukuma kidogo kwa bega, lakini machozi yalikuwa karibu. Hakuwa akililia gunia. Mikono yake ilikuwa na umri sasa. Kuchagua kule, msimu juu ya msimu, kungeanza tena kutoka wapi? Hata punje za kufagia hazikuwepo. Maisha yake yote aliyoyaweka mahali pamoja yalikuwa yamesimama jikoni ndani ya dumu, mazuri, yenye harufu, na hayaoti.

Ndani, binti alimweleza mumewe, kwa upole na bila kuficha, alichokuwa amekifanya. Kijana aliiweka sindano chini. Halafu akaanza kukunja nguo zake ndani ya begi.

"Unakwenda wapi?"

"Nitamtazamaje mama?"

"Mtazame hivyo hivyo. Ukikimbia leo, huyu mtoto atakuwa na bibi asiyetaja jina la baba yake. Weka begi chini, ukatafute mbegu."

Akaenda, na baba mkwe akaenda naye. Bandani, fundi wa mashine aliposikia alishika kichwa. Waliinamisha lile bakuli la juu linalopokea punje, wakaligonga, wakachokonoa nyufa kwa spoku ya baiskeli. Zilitoka punje chache, nyingi zimepasuka. Zilizodondoka chini kuku wa banda walikuwa wameshazishughulikia; jogoo mmoja alikuwa anatembea kwa maringo kama aliyekula karamu ya watu.

Mkwe hakuishia hapo. Alichukua kile kitambaa chekundu akazunguka nacho nyumba kwa nyumba, akisimama mlangoni na kukikunja na kukikunjua.

"Samahani, mama. Mbegu za mama mkwe, zile nyeusi. Huenda aliwahi kukugawia kidogo?"

"Agawie nani? Yule?" Mama Mapacha alijibu haraka, akageuka kukemea mbuzi ambaye hakuwa amefanya kitu.

Kwa wifi jibu lilikuwa hilo hilo, na macho yalikwenda pembeni vile vile. Nyumba zote alizoingia, watu walimhurumia, wakamsifia mtoto, wakakataa upesi mno. Akarudi jioni mikono mitupu. Mama Birika alimwekea chakula, akampakulia sehemu nzuri, asimwambie neno. Huko kunyamaza kulimchoma kijana kuliko matusi.

Asubuhi yake, mama akiwa anapasha maji ya kumwogesha mjukuu, hodi ikabishwa mlango wa uani. Alikuwa Mama Mapacha, amekumbatia chungu kilichofunikwa sahani.

"Nimemletea mzazi uji."

"Ahsante, shoga. Mbona umepoa?"

"Huu hauliwi moto."

Mama Birika akafunua sahani. Ndani kulikuwa na majivu laini, yaliyochekechwa. Akaingiza vidole. Akatoa punje ndogo, nyeusi tii.

Maji yalichemka.

"Uji gani huu?"

"Wa kupanda." Mama Mapacha alikuwa anaangalia miguu yake. "Ulinikung'utisha kanga miaka yote, mwenzangu. Ukanikung'utia na watoto. Hukuwahi kunikung'utisha kilemba."

"Kilemba."

"Mwaka ule mapacha walipoota meno. Na mwaka uliofuata, kuongezea. Baadaye nikawa nazo zangu, nikaacha. Mimi si mwizi wa kudumu."

Mama Birika aliweka punje kati ya meno ya mbele, akasikiliza. Ganda likaachia upesi. Akamenya nyingine, na nyingine, uso umekaza kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Hizi umezichagua," akasema hatimaye. "Hizi hazikukusanywa ovyo. Umechukua za katikati ya shamba, vichwa vilivyoinama. Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Mimi sijamfundisha mtu."

"Shoga, unaongea na mashina. Tena kwa sauti. 'Wewe umeinama vizuri, wewe bado una majivuno, wewe upo mpakani utaniletea uchafu wa jirani.' Mimi nipo upande wa pili wa ua, nachuma majani, nasikia somo lote."

Sauti iliyotoka kwa Mama Birika mwanzoni ilifanana na kikohozi. Mumewe alikuja mbio kutoka barazani akidhani kuna jambo. Alimkuta mkewe ameegemea mlango, ameshika mbavu, anacheka hadi kanga inamdondoka, na jirani naye anacheka huku anafuta machozi ya woga uliokwisha.

Habari ilitangulia mtaani kwamba Birika limecheka. Kabla maji ya mtoto hayajapoa, wifi akawa mlangoni na chupa.

"Hata wewe?" Mama Birika akasema. "Wewe ulizikaanga."

"Nilizikaanga kweli. Lakini nyingine ziliruka nje ya kikaango kabla ya moto kukolea, tukazifagia hadi shimo la takataka, mvua ikanyesha. Zikaota zenyewe, wifi. Nilikuwa nije kukuambia, nikasikia umeshaapa kutogawa, nikaona nikikuambia utazidai."

"Miaka yote hii ukinunua mafuta kwangu?"

"Nikinunua? Ulikuwa unanipa bure. Ningekataaje?"

Fundi wa mashine alikuja akipaza sauti tangu barabarani, na kopo la maziwa ya unga mkononi. Kila mwaka alijiwekea kiganja kutoka magunia ya Mama Birika, akakipanda kandokando ya banda. Hakuona ni wizi. Aliona ni haki ya mashine. Jana hakusema kwa sababu baba mkwe alikuwepo, na baba mkwe ndiye anayemtengenezea baiskeli. Baada yake wakaja wengine, na kila mmoja alikuja na chombo kilichofunikwa na jambo la kusingizia: huyu kaja kumwona mtoto, yule kaja kurudisha ungo. Mmoja alificha zake kwenye chupa ya chai aliyokuja nayo kupura. Mwingine kwenye kiatu, akachechemea hadi nyumbani, na siku ile Mama Birika alimpa pole ya mguu na chupa ya mafuta ya kuuchua.

Alikaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, beseni mbele yake, akapima za kila mtu kwa meno.

"Hizi zina michirizi. Ulizipanda karibu na za nani? Zimeshaoana na wakwe wasiojulikana."

"Hizi ganda limenenepa kama mwenyewe."

"Nimenenepa kwa mafuta yako, mama," mwenye nazo akajibu.

"Hizi za fundi zinanuka mashine. Lakini zitaota."

Za Mama Mapacha zilikwenda beseni la kwanza, peke yake. Zilizochanganyika akaziweka kando, zikapandwe mbali. Mkwe alisimama nyuma yake muda wote, haamini macho yake, kitambaa chekundu bado mkononi. Alipoona beseni linapanda, akaingia ndani kimya kimya. Punde ikasikika cherehani ya zamani ya mkewe ikikimbia.

Alirudi na vifuko vidogo, vimekatwa kwenye mabaki ya lile turubai jeupe, kila kimoja na kamba yake nyekundu mdomoni. Kitambaa alikuwa amekipasua chembamba chembamba. Aliviweka miguuni pa mama mkwe, akarudi nyuma hatua.

Mama Birika aliviangalia, akawaangalia watu. Alikuwa na wezi uwanja mzima. Na kama wangekuwa waaminifu, leo asingekuwa na punje. Hilo lilikuwa gumu kumeza, lakini aliligeuza kinywani akaona ganda lake ni jembamba.

Akachota mbegu kwa kiganja, akajaza kifuko cha kwanza, akamnyooshea Mama Mapacha.

"Lakini hizi ni zangu, nimekuletea," jirani akasema.

"Ulizoleta uliiba. Hizi nimekupa. Shika."

Akajaza vyote, akavigawa. Aliyebaki mikono mitupu ni mmoja tu, mkwe, aliyekuwa anaogopa hata kusogea. Mama Birika akamwita.

"Njoo, mwanangu. Wewe nyumba yako ya mjini ina ua?"

"Kuna nafasi kidogo, Mama. Nyuma ya bafu."

"Hapo hapo panatosha." Akamwekea kifuko kiganjani, akamfunga vidole juu yake. "Ila nikikusikia umeingia tena stoo yangu na ungo, nitasahau kuwa wewe ni mkwe."

"Nikija nifanye nini basi, nikikosa kazi?"

"Shona," mama akasema. "Au mwombe baba yako akupe ile nati."

Kisha akaingia jikoni, akatoka na dumu. Mafuta yale ya mbegu, aliyoyasifia kabla ya kuyajua, aliyagawa siku ile hadi tone, kwa chupa na vikombe na vyombo vile vile vilivyoleta mbegu. Mabaki akamkaangia binti yake, na nyumba nzima ikanukia hadi barabarani. Wakati wanakula, tone la kwanza la mvua likagonga bati.

Mavuno yalipofika, vitambaa vyekundu havikuwa katikati ya shamba moja tu. Ukisimama juu ya kilima kidogo karibu na soko uliviona kila upande, vimetapakaa, na ndege wakifutia midomo kote. Mama Birika alizunguka mashamba ya watu akikosoa, akaongea na mashina yao bila aibu, na jina la Birika alibaki nalo kwa sababu hakuna aliyeona sababu ya kuhangaika na jipya.

Siku ya kupura, wanawake walikaa tena duara juu ya turubai. Binti alikuwa amekuja na mtoto, sasa anakaa kwa kuegemezwa, anakamata kila kinachopita mbele yake. Jioni, wakiondoka, walipofika mlango wa uani walisimama wenyewe kwa mazoea, wakaanza kukung'uta kanga.

"Mnakung'uta nini?" Mama Birika akauliza. "Nendeni zenu."

Mama Mapacha alikuwa amembeba mjukuu begani. "Mimi nipo safi," akasema, "hata kilemba nimevua. Lakini mkague huyu."

Ngumi ya mtoto ilikuwa imefungwa kwa nguvu zote alizonazo. Bibi yake akainama, akaanza kuifungua kidole kwa kidole kabla haijaenda mdomoni, na mtoto akagoma, akanuna, akakaza zaidi.

"Tazama mkono huo," wifi akasema. "Si Birika huyo?"

Ngumi ilipokubali, ndani kulikuwa na punje moja, nyeusi tii, imelowa jasho. Mama Birika aliitazama kitambo. Akachomoa uzi kwenye pindo la kitambaa chekundu alichokuwa nacho mfukoni, akaifungia nao punje kwenye ncha ya kanga ya binti yake, akapiga fundo.

"Mwacheni," akasema. "Huyo kachukua yake."